Gari la Spoti la Bei Nafuu: Lipime kwenye Barabara ya Port Bell

Barabara ya Port Bell jijini Kampala, kutoka Bugolobi kupitia Kitintale hadi gatini Luzira, inatosha kukuonyesha kama gari la spoti la bei nafuu lina thamani. Ina mteremko, kona, matuta na malori ya bia yanayotoka kiwandani. Nafasi ya kukimbia hakuna, na ndiyo maana naipenda kwa kazi hii: injini haiwezi kuficha udhaifu wa gari.

Msimamo wangu ni kwamba kwa bei zetu, kushika barabara kunatangulia, nguvu zinafuata. Wapenda nguvu wana hoja, tena nzito. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake. Toyota Altezza RS200 iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 210 hapa inabaki na chini ya 190. Ukikwama nyuma ya trela njia ya Masaka, utazililia hizo ishirini. Lakini kimo hakipunguzi kitu kwenye tairi, breki wala shokapu. Vitu hivyo huharibiwa na umri, na umri ndio tunaonunua. Tangu 2018 Uganda imepiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 15. Altezza iliacha kutengenezwa 2005, Toyota MR-S 2007. Kwa hiyo zilizopo sokoni zimepita mikono mingi.

Ukilikagua gari, anza na springi, maana hapo ndipo gari huharibiwa kwa jina la urembo. Vijana wanapenda gari lililolala chini, na njia rahisi ni kukata springi kwa grainda. Omba jeki, nyanyua gurudumu, chungulia kwa tochi. Springi ya kiwandani imekaa vizuri kwenye kikalio chake, na ncha yake ni nadhifu. Iliyokatwa ina ncha kali yenye kutu, na gurudumu likining'inia utaweza kuizungusha kwa mkono. Gari hilo litagonga chini kwenye kila tuta, na likikuta shimo katikati ya kona gurudumu litaruka badala ya kufuata lami. Mrudishie mwenyewe funguo zake.

Shokapu hazina siri: bonyeza kona ya boneti kwa uzito wako wote, achia. Gari lipande, lishuke, litulie. Likiendelea kunesa, zimekufa. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne za tarehe. 3221 ni wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tairi iliyoliwa upande wa ndani tu inakuambia alaimenti imepotea au bushi zimechoka.

Sasa endesha. Ukiteremka kuelekea Luzira, kwa mwendo wa kawaida, kanyaga breki taratibu huku umelegeza mkono kwenye usukani. Gari lisivute upande. Ukiingia kona, pua ifuate mkono wako papo hapo, na mwili wa gari ulale mara moja tu, usiyumbe tena. Kona ikiisha, usukani urudi katikati wenyewe. Ukisikia kok-kok kwenye tuta, mwulize fundi kuhusu stabilaiza na bolijointi.

Wanaotaja Subaru za Pearl of Africa Rally kama ushahidi wa nguvu wanasahau kwamba Impreza za daraja la mashindano la Kundi N zilifungwa kizuizi cha hewa cha milimita 32 kwenye turbo. Injini zilikuwa zimekabwa koo, hivyo ushindi ulitegemea sana shokapu, tairi na dereva. Toyota nao walitoa gari la 86 mwaka 2012 ikiwa na nguvu farasi 200, uzito wa kilo 1,200 na ushei, na tairi za Michelin za aina iliyotumika pia kwenye Prius. Watu walilalamikia uchache wa nguvu miaka tisa, ndipo toleo jipya likapewa injini ya lita 2.4. Kwangu nyongeza hiyo ilikuwa halali, kwa kuwa msingi ulishakuwepo.

Ukinunua, pesa za kwanza ziende kwenye tairi nne za aina moja, bushi, shokapu na maji ya breki. Soko la vipuri la Kisekka litakushawishi kwa turbo ya mtumba, ipite. Ukitaka nguvu kweli, tafuta gari lililozaliwa na turbo, kama Impreza WRX, kwani turbo hurudisha sehemu kubwa ya kinachonyang'anywa na kimo chetu. Liwashe injini ikiwa baridi, usikilize kwa chini. Mlio wa kugonga unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni dalili ya beringi za krenki, na matengenezo yake yatazidi gharama ya kila kitu nilichotaja hapa.