Waliosimama Upande wa Mnunuzi

Vituo vya televisheni vinapopanga vipindi vya biashara vya msimu ujao, nafasi kubwa huenda kwa matajiri na bei za hisa. Pongezi zangu nawapa wanaoanzia upande wa pili wa kaunta, kwa mnunuzi mwenye risiti mkononi.

Mfano mmoja ni Watchdog ya BBC, iliyoanza mwaka 1980 kama sehemu ndogo ya kipindi cha Nationwide, na mwaka 1985 ikajitegemea. Ilipokea malalamiko, ikayachunguza, ikazidai kampuni majibu mbele ya nchi nzima.

Mwaka 1992 kampuni ya Hoover iliwaahidi Waingereza kwamba anayenunua bidhaa za pauni 100 au zaidi atapewa tiketi mbili za ndege bure, kwanza za Ulaya, baadaye za Marekani. Watu wakanunua mashine za kufyonza vumbi wasizozihitaji, kwa kuwa tiketi zilizidi bei ya mashine. Maombi yalipofurika, wengi wakazungushwa kwa fomu na masharti. Watchdog haikuishia kusoma barua za watazamaji. Ilimtuma mwandishi wake akaombe kazi kule kule maombi ya tiketi yalikoshughulikiwa, aone kwa macho yake wateja wanavyokatishwa tamaa. Ofa ile iliigharimu kampuni takriban pauni milioni 50. Huo ndio uandishi wa biashara ninaouheshimu: kufuatilia shauri la mtu mmoja hadi libainike kuwa ni la maelfu.

Mwaka 2020 Watchdog iliingizwa ndani ya kipindi cha The One Show. Ilistahili kubaki na muda wake yenyewe, maana shauri la aina hiyo halichunguziki kwa dakika chache.