Mbili, Si Tatu

Kabla hajagusa kibodi, mpwa wangu alifungua daftari la hesabu, lile lenye vijumba vidogo vidogo, akachonga penseli. Alitaka kutengeneza programu ndogo: unaandika neno, kompyuta inalipiga kwa milio ya Morse. Nilitegemea kuona vidole vikikimbia. Kwa karibu saa nzima niliona penseli tu.

Alitia rangi kijumba kimoja: nukta. Vitatu mfululizo: kistari. Kati ya alama na alama ndani ya herufi aliacha kijumba kimoja kitupu, kati ya herufi na herufi vitatu, kati ya neno na neno saba. Akaliandika hivyo neno "baba", akahesabu: vijumba 37.

"Ona, Mjomba, kila A inakula vitano."

Kweli. Akina Samuel Morse na Alfred Vail, waliobuni alama hizi, walikuwa Wamarekani. E, herufi ambayo Kiingereza hakiachi kuitumia, waliipa nukta moja tu. Sisi wa baba, mama na kaka tunalipa.

Ndipo akafungua kompyuta. Kwa Python alipanga kwanza kamusi: herufi na alama zake, moja kila mstari, hata Q na X ambazo maneno yetu hayazihitaji. Alipomaliza aliisoma yote kwa sauti, kidole juu ya jedwali, kisha akaisoma tena kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nukta ikikosewa hapa, programu hailalamiki. Inapiga herufi nyingine na kuendelea na safari yake.

Mlio wenyewe hakuurekodi popote, aliukokotoa. Ndani ya kompyuta sauti ni mfululizo wa namba, naye alichagua namba 8000 kwa kila sekunde. Kijumba kimoja alikipa milisekunde 60, yaani namba 480. Kistari kikapata 1440. Hiyo ni kasi ya maneno 20 kwa dakika, na neno la kupimia ni PARIS, ambalo pamoja na nafasi inayolifuata hujaza vijumba 50 kamili. Kila namba aliitoa kwenye sini ya pembe, ikipanda na kushuka mara 660 kwa sekunde. Kimya ni sifuri zilizopangwa foleni.

Mara ya kwanza kusikiliza, mimi nilishapiga makofi. Yeye alikunja uso. Kila mlio ulitanguliwa na "tk" ndogo, na mwisho "tk" nyingine, kwa sababu wimbi lilianza ghafla na kukatwa ghafla. Akachukua namba 40 za mwanzo, milisekunde tano, akazipandisha taratibu kutoka sifuri. 40 za mwisho akazishusha vivyo hivyo. "Tk" ikatoweka.

Akaandika "ng'ombe". Programu ikagoma. Kile kialama juu ya ng' hakikuwamo kwenye kamusi! Alikiongeza: nukta, vistari vinne, nukta. Vijumba 19, wakati N na G pamoja na nafasi iliyo kati yao ni 17. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kisha akanyamaza, spika ya sikioni upande mmoja, akirudia neno lile lile. "Herufi zimeachana mno," akasema. Mimi sikusikia kitu. Alirudi kwenye daftari, akafuatisha kwa ncha ya penseli, na kati ya herufi akakuta vijumba vinne badala ya vitatu. Programu ilikuwa inaweka kijumba kitupu baada ya kila alama, hata ile ya mwisho ya herufi, halafu inaongeza vitatu vingine. Alifuta 3 akaweka 2. Kwenye nafasi ya maneno alifuta 7 akaweka 4, maana vitatu vilishawekwa.

Alisikiliza tena, akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani atafunga kompyuta. Akarudi kwenye mstari ule wenye 2, na pembeni yake, kwa ajili ya yeyote atakayeufungua baadaye na kutaka kuusahihisha, akaandika: mbili, si tatu, moja imeshatangulia.