Sifa za Mwandishi wa Kijijini

Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, iliyolowa mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikaporomoka hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh, na watu 89 wakapoteza maisha. Kabla kamera za mijini hazijafika, nchi nzima ilikwishaona picha zilizopigwa na wakazi kwa simu zao. Uvumi nao ukaenea: volkano imeamka! Wataalamu wa jiolojia ndio waliofafanua kwamba hapakuwa na mlipuko wala tetemeko. Ni mwamba dhaifu ulionyonya maji ukashindwa kujibeba. Simu iliweza kuonyesha tope. Kueleza lilikotoka kulihitaji mtu anayejua kuuliza.

Mtu huyo ndiye ninayemsifu hapa: mkulima, mwalimu au kijana wa bodaboda anayekusanya habari za kijiji chake na kuzipeleka redioni au mtandaoni. Anajua korongo lipi halikuwahi kupitisha maji na mwaka huu limepitisha. Wageni wakishaondoka, yeye bado yupo, anapita kaya kwa kaya kuuliza nani amepata mahindi ya msaada na nani karukwa. Anahudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao sheria inataka uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na anaandika mapato na matumizi yanavyosomwa, au anaandika kwamba hayakusomwa. Akikosea jina la marehemu, atakutana na wafiwa kesho yake kisimani. Ukaribu huo unamfunza uangalifu ambao hakuna darasa linaloweza kuutoa.

Tuutazame uwanda wa Basotu, huko huko Hanang, tuone gharama ya kumkosa. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lililima ngano huko katika malisho ya Wabarabaig. Taifa lilisikia habari za trekta na mavuno. Makaburi ya wazee yaliyopitiwa na majembe ya trekta hayakuwa habari kwa yeyote aliyekuwa mbali. Wanakijiji wa Mulbadaw, kijiji cha uwanda huo, walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaona kwamba haki yao ya kimila katika ardhi ile haikuthibitishwa. Siwezi kudai kwamba daftari la mwandishi mmoja lingegeuza hukumu. Ninachoamini ni kwamba jamii ambayo mambo yake huandikwa siku yanapotokea, na mtu wa hapo hapo, haianzi kutafuta ushahidi siku ya kesi.

Kazi hii ina mizizi ya zamani katika lugha yetu. Gazeti la Msimulizi, lililoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888, lilijazwa habari zilizoandikwa na Waafrika kutoka vituo vya misheni vya mbali. Leo, katika mkoa huu wa Manyara, redio ya jamii ya Orkonerei huko Terrat, Simanjiro, imewapa wafugaji sauti tangu 2002.

Hata hivyo, mwandishi wa kijijini akibaki peke yake anachoka, na pengine anapotoka. Ndiyo maana ninathamini sana siku ambayo waandishi wa Mbulu na Hanang wanakaa chumba kimoja. Katika wilaya hizi kuna Kiiraqw, Kibarabaig, Kihadza na Kinyiramba: koo nne za lugha ambazo hazina undugu. Ng'ombe wakiibwa kati ya Haydom, upande wa Mbulu, na Basotu, upande wa Hanang, kila upande una simulizi yake, na kila simulizi ina lugha yake. Ana kwa ana, wa Haydom husoma habari yake kwa sauti, na wa Basotu humuuliza: umemsikia nani kwa upande wetu? Swali hilo likiulizwa kwa ujumbe wa simu huzaa ugomvi. Likiulizwa mezani, huku chai inamiminwa, huzaa namba ya mzee wa kumpigia.

Kukutana kunaleta ujasiri pia. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipodai leseni, wengi wanaochapisha habari mtandaoni wamekuwa na hofu. Mwenye wenzake hujua kilicho halali, hujua pa kupata ushauri, na haandiki kwa jazba.

Kwa hiyo redio, halmashauri na mashirika yanayotumia habari hizi yasimkumbuke mtu huyu siku ya maafa tu. Yamlipie nauli ya kukutana na wenzake, yataje jina lake habari yake inaposomwa, na yampe majibu anapouliza. Siku mlima utakapotoa dalili tena, mtu wa kwanza kuziona atakuwa anaishi chini yake, na inafaa awe amekwishazoea kuuliza na kusikilizwa.