Viroboto, Taa, na Lawama Zetu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mambo makubwa: kilimo, elimu, malezi, na safari za nchi za mbali. Leo naomba ruhusa niseme juu ya mambo madogo, yaani viroboto wa paka na taa iliyozimika. Msicheke kwanza. Nyumba nyingi nimeziona zikikosa amani, wala si kwa sababu ya njaa wala ya vita, bali kwa sababu ya vitu vidogo vya namna hii. Nami ninalotaka kulikosoa si kiroboto wala taa peke yake. Nataka kuikosoa hukumu tunayoitoa upesi mno vitu hivi vinapotusumbua. Na kwa kuwa mkosoaji wa haki huanza nyumbani mwake, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka uliopita panya walizidi nyumbani mwetu hapa mlimani Usambara. Walikula maharage ya mbegu, wakatoboa magunia, hata daftari za wanafunzi nilizozileta kusahihisha wakazitafuna pembeni. Mama jirani, mjane mwenye moyo mwema, akatuhurumia, akatuletea paka. Panya wakapungua, tukashukuru. Lakini mwezi wa pili haukwisha, mtoto wetu mdogo akawa halali usiku, akajikuna miguu hata ikatoka damu. Tulipofunua manyoya ya paka tukaona viroboto wakikimbia. Basi mimi, mwalimu mzima, nikatoa hukumu siku ile ile: paka ndiye mkosa, naye aondoke. Nikampa mtu aliyekuwa akishuka bondeni aende naye. Mke wangu naye, kwa uchungu wa mtoto, akamwambia mama jirani penye bomba la maji, mbele ya watu, ya kuwa zawadi yake imetuletea balaa. Tangu siku hiyo salamu zikakatika kati ya nyumba zetu mbili.

Je, viroboto waliondoka pamoja na paka? Hawakuondoka. Walizidi kutuuma, na panya wakarudi juu yake. Nilipomweleza daktari wa mifugo habari hii, alicheka, akaniambia, "Mwalimu, umemfukuza mgeni aliyekuwa akiliwa kwa niaba yenu, ukabaki na wale walao." Kisha akanifundisha, nami nawaandikia kama nilivyofundishwa.

Kiroboto tumwonaye juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya jamaa yake. Jike akiisha kunywa damu aweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku moja. Mayai hayo ni laini, hayashikamani na manyoya, bali huanguka chini kila mahali mnyama apitapo na alalapo. Hapo hutoka vidudu vyeupe mfano wa funza wadogo, wasiopenda mwanga. Hujificha chini ya mkeka, katika nyufa za sakafu na mavumbi ya pembeni, wakila mavi makavu ya viroboto wakubwa, ambayo kwa kweli ni damu iliyokauka. Baadaye kila mmoja hujisokotea kifuko chenye kunata, kikafunikwa na vumbi hata jicho lisikione. Ndani ya kifuko hicho kiroboto aliyekwisha kukua aweza kungoja siku nyingi, hata miezi kadhaa, mpaka asikie mtikiso wa nyayo, joto la mwili na pumzi ya kiumbe aliye hai. Ndiyo maana mtu aingiapo katika nyumba iliyokaa tupu huvamiwa mara moja. Basi tulipomwondoa paka hatukuondoa viroboto. Tuliondoa chakula chao, nao wakatafuta kingine, ndicho miguu ya mwanangu.

Dawa yake, alisema, ni kazi wala si hasira. Mnyama achanwe kwa kitana chenye meno ya karibu, na viroboto watokao watiwe katika maji ya sabuni. Wanyama wote wa nyumba watibiwe siku moja, si mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Mikeka na matandiko yatolewe juani, nguo zifuliwe kwa maji ya moto, sakafu ifagiwe mpaka pembeni, na ile ya udongo isiribwe upya ili nyufa zizibike. Tena kazi hiyo irudiwe kwa majuma kadhaa, maana walio ndani ya vifuko hawafi siku ya kwanza. Tena alinionya nisimpake paka dawa ya kunyunyizia kahawa au mboga, kama wengi wafanyavyo. Hata dawa nyingine zitengenezwazo kwa ajili ya mbwa zaweza kumwua paka.

Labda mtu atasema, "Kiroboto ni kitu gani hata mwalimu amwandikie kurasa?" Hata Daudi alipotaka kumwonyesha Sauli ya kuwa yeye si kitu, alijifananisha na kiroboto. Lakini mwaka 1898 daktari Mfaransa aitwaye Paul-Louis Simond alionyesha huko Bara Hindi ya kuwa tauni, ugonjwa uliowaua watu mamilioni katika historia, huchukuliwa na viroboto wa panya. Nasi wa Lushoto hatuhitaji kwenda Bara Hindi kutafuta ushuhuda, maana tauni ilizuka kwetu mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara kwa miaka zaidi ya 20. Na yule funza atobolaye vidole vya watoto wetu ni jamaa wa kiroboto. Aliletwa Afrika kutoka Brazili kwa meli iliyofika pwani ya Angola mwaka 1872, akalivuka bara zima kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo nyumba iliyomfukuza paka na kuwakaribisha panya haikupata faida, bali imejitia hatarini.

Sasa nije kwenye taa. Mama jirani yule yule alikuwa ameuza maharage yake, akanunua mnadani taa ya nguvu za jua kwa shilingi 25,000, ili binti yake wa darasa la saba apate kusoma usiku pasipo moshi wa kibatari. Muuzaji aliisifu taa ile kwa maneno mengi, akasema itadumu miaka kumi. Mwezi wa nne ikawa yawaka nusu saa tu, kisha ikazimika kabisa. Mama akamwuliza binti, "Umeifanya nini taa?" Binti akajibu, "Sikuifanya kitu, mama." Mama asisadiki, akamwona kuwa ameiangusha katika kucheza na sasa anaficha, akampiga. Binti akarudi kwenye kibatari, na mafuta yakikosekana hakusoma. Alikuja shuleni kazi yake haikutimia mara tatu. Nami nilipomwuliza sababu, alinyamaza, nikamkaripia mbele ya wenzake, nikamwita mvivu.

Haya yote yalidumu wiki sita, mpaka kijana mmoja, fundi wa redio na simu aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, alipopita kwa mama yule. "Shikamoo, mama," akasema, "hebu nione hiyo taa kabla hujaitupa." Akaifungua kwa shida, maana ilikuwa imegandishwa kwa gundi wala haikuwa na skrubu hata moja. Ndani akakuta kila kitu kizima: kioo cha jua kizima, balbu nzima, nyaya nzima, ila betri imekufa, nayo ilikuwa ya namna hafifu tangu mwanzo. Akatia nyingine kwa shilingi 6,000, taa ikawaka. Mama yule, nimeambiwa, hakufurahi kwa kuwaka kwake; aliketi akalia, kwa sababu alikumbuka fimbo.

Basi tuhukumu sasa, lakini kwa utaratibu. Ni nani mwenye kosa?

Wa kwanza ni mtengenezaji. Kila betri ya kuchaji huchoka, na hilo si kosa la mtu. Ndiyo tabia yake. Kosa ni kuifungia kwa gundi kitu ambacho mtengenezaji ajua ya kuwa kitachoka kabla ya vingine vyote. Tazameni fanusi za babu zetu. Utambi ukiisha, walinunua utambi. Chemni ikivunjika, walinunua chemni. Wala hakuna aliyetupa fanusi nzima. Jiko la stovu likiziba, palikuwa na sindano yake. Walioviunda vitu hivyo walikubali ya kuwa kila kilichoundwa huharibika, wakaacha mlango wa fundi kuingilia. Waliounda taa ya mama jirani waliufunga mlango huo.

Wala tusidhani kuwa hila hii ni ya jana. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme ya Ulaya na Marekani yalifanya mapatano, yakajiita Phoebus, wakaagana ya kuwa balbu ya kawaida isidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa wakati huo palikuwa na balbu za kudumu kupita hapo. Kampuni ambayo balbu zake zilidumu kuliko kipimo ilitozwa faini. Kwa haki yapasa niseme na upande wao: balbu za namna ile zikifanywa zidumu sana, hutoa mwanga hafifu kwa umeme ule ule, kwa hiyo kulikuwa na jambo la kupima kwa kweli. Lakini mtu mwenye nia njema humwachia mnunuzi achague, wala hamtozi faini ndugu yake kwa kufanya kazi idumuyo. Siku hizi serikali nyingine zimeanza kuamka. Nchini Ufaransa, mwaka 2021, wauzaji wa simu, televisheni na mashine za kufulia waliamriwa waandike alama, kati ya 0 na 10, kuonyesha kama kitu chaweza kutengenezwa kwa urahisi au kwa shida. Jambo hili ni jema, nami natamani lifike hata katika minada yetu.

Wa pili ni muuzaji. Wazee husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Naiheshimu methali hii, lakini naona yafaa kuikosoa kidogo. Ilifaa zamani, mnunuzi alipokuwa akiujua mkono wa mfinyanzi, akaugonga mtungi na kuisikia sauti yake. Leo kibaya nacho hung'aa, hutiwa katika boksi lenye picha nzuri, kikajiuza kuliko kizuri. Taa iliyofungwa haigongwi ikasikika. Kwa hiyo macho hayatoshi tena. Yatupasa kutumia na ulimi, tuulize.

Wa tatu ni sisi. Twanunua kwa kutazama bei tu, hatuombi karatasi ya dhamana, wala hatukumbuki hata sura ya aliyetuuzia. Kisha kioo cha jua twakiacha na vumbi, au twakitia kivulini. Taa twaiacha imekwisha chaji wiki nzima, jambo liuwalo betri upesi. Tena kitu kikiharibika, hatutafuti sababu, bali twatafuta mtu. Na mtu tumpataye kwa kawaida ni yule asiyeweza kujitetea: mtoto, mtumishi, mke, jirani mnyonge, au paka.

Hapo ndipo ninapoona ya kuwa kiroboto na taa ni somo moja. Katika yote mawili tulihukumu kwa kile kilichoonekana. Viroboto walionekana juu ya paka, tukamlaumu paka. Wengi walikuwa chini ya mkeka. Taa ilionekana mkononi mwa binti, akalaumiwa binti. Kosa lilikuwa ndani ya gundi. Hasara ya taa ilikuwa shilingi 6,000, lakini hasara ya hukumu yetu ni nani atakayeihesabu? Fimbo haina fundi wa kuifungua na kubadili kilichokufa ndani yake.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda mnadani kununua taa, redio au pasi, muulize muuzaji maneno haya matatu kabla hujafungua mfuko: Je, kitu hiki kinafunguka kwa skrubu? Je, betri au kipuri chake chapatikana hapa kwetu? Je, kikifa kabla ya mwaka, nitarudi kwako na karatasi gani? Akikasirika kwa kuulizwa, umekwisha kupata jibu. Na siku kitu kitakapokuharibikia nyumbani, jiulize neno moja kabla hujafungua kinywa: Nimetazama chini ya mkeka?

Kwa upande wangu, nilimwita binti yule mbele ya darasa lile lile nililomkaripia, nikamwambia ya kuwa mwalimu alikosea. Haikuwa rahisi, lakini niliona ya kuwa aliyeaibishwa hadharani hastahili kuombwa radhi mafichoni. Mke wangu naye alikwenda kwa mama jirani na kikapu cha viazi. Walizungumza mpaka jua likatua, waliyosema sikuyauliza. Aliporudi, kikapu kilikuwa na paka mdogo ndani yake. Tunamchana kwa kitana kila Jumamosi, na mikeka yetu hulala juani.