Gari la Sufuria

Sufuria ikitoboka kitako, mwenye jiko huitazama kwa huzuni, na mtengeneza vigari huitazama kwa tamaa. Yangu ilikuwa ile kubwa ya kupikia wali wa shughuli. Ilikuwa imeungua hadi ikatoboka, imetupwa nyuma ya jiko, kuku wakitagia humo. Nilipomwomba shangazi anipe, aliuliza mtu mwenye mvi anataka sufuria mbovu ya nini. Nikamwambia nataka kutengeneza Land Rover. Akanikazia macho kama anayetafuta dalili za homa.

Sababu nilikuwa nayo. Land Rover ilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa haijapoa na vita. Chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ikavishwa alumini. Ndiyo maana zile kuukuu huliwa na kutu kuanzia chesesi, huku ubavu ukibaki na mikunjo tu. Boneti ya Land Rover na sufuria ya shangazi ni ndugu. Mtu akitaka kigari chenye ukweli ndani yake, basi aanzie hapo, si kwenye plastiki ya dukani.

Hapa Nambilanje hakuna wa kufundishwa kwamba gari hutengenezwa nyumbani. Watoto hulitengeneza kwa mabua ya mtama, kwa waya, kwa kopo la mafuta, na matairi hukatwa kwenye ndala zilizokwisha. Usukani hupachikwa kwenye fimbo ndefu ili dereva aendeshe akiwa amesimama nyuma, anatembea, na mdomo wake ndio injini. Msikilize mtoto akipandisha mlima: anabadili gia kwa koo, na anajua kabisa gia ya pili ya lori hailii kama ya tatu. Mimi ukubwani nimefanya kazi ile ile, nikaongeza rula na subira.

Rula ndiyo iliyoanza kunipa adabu. Namba 109 ya Land Rover, tuliyozoea kuitaja kama jina la mtu, ni kipimo: inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani sentimita 277. Nilichukua moja kwa kumi, kwa sababu ni hesabu isiyotaka kalamu. Ekseli zikaachana kwa sentimita 27.7, upana ukawa karibu 17, urefu wote kama 44. Wazungu wengi hupenda moja kwa 43, gari zima likakaa kiganjani. Macho yangu hayaiwezi tena kazi hiyo. Kwa kipimo changu tairi lilitakiwa kuwa na kimo cha sentimita nane na unene wa kama mbili. Nikapima kisigino cha ndala: sentimita mbili, pungufu kidogo. Nilifurahi kana kwamba nimeokota hela. Watoto walikuwa wamekipata kipimo hicho zamani, bila rula.

Alumini nayo ina hila zake. Ukiikunja ikiwa baridi, inapasuka penye kona. Dawa yake ni moto na sabuni ya mche: unapaka sabuni kwenye bati lako, unaliweka juu ya mkaa, unangoja hadi sabuni igeuke nyeusi, kisha unaliondoa na kuliacha lipoe. Hapo hukunjika kama ngozi iliyolowekwa. Sabuni inatumika kwa sababu alumini haitoi taarifa. Chuma huwa chekundu kwanza, alumini hukaa na rangi yake ile ile hadi dakika inapoyeyuka. Boneti yangu ya kwanza iliishia hivyo, nimegeuka kumjibu mtu salamu. Salamu za huku, mnazijua, hazina mwisho.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe. Wako watengenezaji wanaoapa kwamba kigari lazima kifanane na gari lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu ya mwisho. Nawaheshimu kwa subira yao. Lakini gari hilo la kiwandani, huku kwetu aliliona nani? Mjomba wangu alikuwa utingo wa 109 iliyobeba watu kati ya Nachingwea na Ruangwa, miaka ambayo daraja la Mkapa halijafunguliwa (lilifunguliwa 2003) na masika yakishika, njia ya Dar es Salaam ilikuwa habari ya kusimuliwa. Lile gari lilikuwa na keria ya nondo juu, benchi za mbao nyuma, springi zilizoongezwa majani, na bampa la mbele la gogo. Taa zake zilikuwa bado katikati, karibu na rejeta, maana kuhamia kwenye madigadi kulikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini taa ya kushoto ilikuwa ya gari jingine, kubwa kuliko mwenzake, kwa hiyo usiku tulilitambua kutoka mbali kama mtu mwenye chongo. Ukinitengenezea Land Rover yenye macho mawili sawa, umetengeneza gari la watu wengine.

Kwa hiyo nimebadili, ila kidogo. Mpwa wangu alitaka nilishushe chini, niliwekee rimu pana za kung'aa na vioo vyeusi. Nikamkatalia. Sheria yangu ni moja: naongeza kile tu ambacho fundi wa chini ya mwembe pale Nachingwea angeweza kukiongeza kwa nyundo, tindo na welding ya kuazima. Ukivuka hapo, gari linapotea na inabaki mbwembwe. Nachingwea yenyewe ina kumbukumbu ya mabadiliko yaliyovuka mpaka. Kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, kiwanda cha Vickers huko Uingereza kilichukua vifaru vya Sherman vya vita kikavigeuza matrekta na kuyaita Shervick. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake nayo iling'olewa baadaye, katika miaka ya 1960.

Rangi niliipaka kwa brashi, si kwa kupuliza, kwa sababu lile gari nalo lilipakwa kwa brashi. Kijani kwanza, kisha bluu juu yake, kisha nikakwangua kwa msasa penye vishikio vya milango, pale mikono ya abiria ilipokula bluu hadi kijani kikatokea. Keria nimeisuka kwa spoku za baiskeli. Juu yake nimefunga gunia moja la korosho, la ukubwa wa yai.

Kigari kilipokwisha nilimpelekea mjomba. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno. Alikigeuza, akachungulia chini kwenye springi, akazungusha tairi kwa kidole. "Mjomba," akaniambia, "mlango wa nyuma huu haukuwa unafunga." Nikarudi nyumbani, nikang'oa komeo, nikaufunga mlango kwa kipande cha mpira wa baiskeli.