Sauti ni ya Mkamba, sentensi ni ya nani?

Mwaka 2022 watafiti wa Google walitoa mkusanyo wa sauti unaoitwa FLEURS. Una lugha 102, na Kikamba kimo. Kwa kijana wa Mwingi au Wote hiyo ni habari tamu: lugha ya susu imeingia kwenye mashine! Sawa. Lakini tuusome mkusanyo huu kama tunavyosoma kitabu, tuulize nani anaongea na anamwambia nani.

Hapo ndipo shida inaanzia. Sentensi zake zilichukuliwa kutoka FLORES, yaani ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza kwenye Wikinews, Wikivoyage na Wikijunior, zikatafsiriwa, kisha watu wakazisoma kwa sauti. Sauti ni ya Mkamba kweli, ila hakuna Mkamba aliyekuwa na neno lake la kusema. Hakuna anayebishania bei ya ndengu. Hakuna anayegombeza mtoto. Ni kama kupewa risala ya mtu mwingine uisome kwenye harusi.

Ubaya uko wapi? Richard Montague, mwaka 1970, alitaka lugha ishughulikiwe kama hesabu: maana ya sentensi hujengwa kwa maana za maneno yake na jinsi yalivyopangwa. Kompyuta inaipenda sana nadharia hiyo. J. L. Austin, kwenye mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955, alikuwa ameshaonyesha kwamba kusema ni kutenda. Ingia boma lolote la Makueni wakati wa kiangazi, umsikie mama akisema, "Maji yameisha." Montague atauliza kama ni kweli. Kijana ashaenda kutafuta punda na mitungi.

Halafu kuna mvua. Vitabuni, mvua za Machi hadi Mei ni "ndefu," za Oktoba hadi Desemba ni "fupi." Kitui na Makueni hiyo "fupi," nthwa kwa Kikamba, ndiyo wakulima wengi wanaitegemea zaidi. Mkulima wa Kibwezi akiuliza simu, "Mvua yenyewe inaanza lini?" swali lote limejificha kwenye "yenyewe." Programu ikimjibu Machi, itakuwa imesikia kila neno vizuri na kukosa msimu mzima. Mbegu hazisubiri sasisho.

FLEURS haikudai kuwa maisha ya Ukambani. Ilitengenezwa ili lugha zilinganishwe, na kwa kazi hiyo sentensi zilezile kwa wote zina mantiki. Nongwa yangu ni kwa wanaoona Kikamba kwenye orodha na kusema kazi imeisha. Wakaombe ruhusa warekodi soko la Kitui, mkutano wa chama, watu wanaopiga simu Musyi FM. Huko watu hukatizana, huchanganya Kikamba, Kiswahili na Sheng kwa pumzi moja, na wa Kitui humcheka wa Makueni kwa matamshi yake.