Sifa za Mshika Mkia

Treni ina nguvu nyingi, lakini haimudu mwinuko mkali. Gurudumu la chuma linapokanyaga reli ya chuma huwa na msuguano mdogo, na kilima ambacho punda angekipanda bila kusita hulifanya gurudumu hilo lizunguke papo hapo pasipo kusogea, ndiyo maana wahandisi wa reli walilazimika kukata vilima, kujaza mabonde na kutoboa majabali hadi wakapata mwinuko wa mita moja au mbili tu kwa kila mita 100 za safari. Udhaifu huo wa treni umewaachia waendesha baiskeli urithi wa ajabu, nao ni njia ya tuta la reli, yaani njia iliyotandazwa juu ya tuta la zamani baada ya reli na mataruma yake kung'olewa. Nchini Marekani, marekebisho ya sheria ya mwaka 1983 yaliruhusu matuta yaliyoachwa yahifadhiwe kwa matumizi hayo, huku haki ya kurudisha reli siku moja ikibaki palepale.

Mfano ulio bora ni Great Allegheny Passage, njia ya kilomita 241 hivi kutoka Cumberland, jimbo la Maryland, hadi Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, iliyokamilika mwaka 2013. Sehemu yake ya mashariki hufuata tuta la kampuni ya Western Maryland, lililofunguliwa mwaka 1912 na sasa limefunikwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa laini, na msafara unaoondoka Cumberland asubuhi hupanda kwa kilomita 38 mfululizo kabla ya kuonja mteremko.

Umahiri unaostahili kusifiwa katika siku kama hiyo ni wa kundi zima. Mwinuko usiofika asilimia 2 hauonekani kwa macho, bali hujulikana kwa mapaja, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mwenye nguvu hauhisi na huongeza mwendo bila kukusudia, ilhali mgeni aliye nyuma yake ameanza kuhema na kujilaumu kwa kushindwa na njia anayoiona tambarare. Kiongozi anayeijua kazi yake huupima mwendo kwa mazungumzo: maadamu walio nyuma wanaweza kumaliza sentensi nzima kwa pumzi moja, mambo ni mazuri, na wakinyamaza hubadili gia na kupunguza kasi kabla hajaombwa.

Hata hivyo, mzigo mzito zaidi haumwangukii kiongozi. Katika lugha ya kandanda, mshika mkia ni timu iliyo chini kabisa katika msimamo wa ligi. Katika msafara wa baiskeli ni mtu mwenye nguvu za kutosha kuwa mbele, ambaye amekubali kwamba siku nzima hakuna atakayebaki nyuma yake. Yeye ndiye mwenye pampu, spana na viraka. Pancha ikitokea, huchomoa ukingo mmoja tu wa tairi, hutoa tyubu, huijaza upepo kidogo, kisha huizungusha taratibu karibu na midomo yake, kwa kuwa ngozi ya midomo huhisi upepo mwembamba ambao sikio halisikii. Kabla ya kuirudisha tyubu iliyozibwa, hupitisha vidole ndani ya tairi lote akitafuta mwiba uliosababisha, maana asiyefanya hivyo ataziba pancha ileile mara mbili. Mwenye baiskeli husimama kando akiona aibu ya kuwachelewesha wenzake, na mshika mkia aliyekomaa humkabidhi pampu ili mikono yake ipate kazi na aibu impungue.

Baada ya mji wa Frostburg njia huvuka mpaka wa Maryland na Pennsylvania, uliopimwa na Charles Mason na Jeremiah Dixon kati ya mwaka 1763 na 1767, kisha huingia katika handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita moja hivi, ambalo hufungwa majira ya baridi ili barafu isiliharibu. Macho yaliyotoka juani huchelewa kuzoea giza lake, ishara za mikono hazifai tena, na onyo la dimbwi au la mtu anayekuja hutamkwa na kiongozi na kupokezwa mtu kwa mtu mpaka mkiani.

Muda mfupi baadaye, kwenye mwinuko wa mita 729, hufikiwa mgawanyo wa maji: mvua inayonyesha upande wa mashariki huelekea Bahari ya Atlantiki, na ya upande wa magharibi hufuata mito Ohio na Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko. Kuanzia hapo baiskeli hushuka karibu zenyewe hadi Meyersdale, na mbele kidogo ya mji huo liko daraja la Salisbury, lenye urefu wa mita 582, lililopita juu ya mto Casselman, barabara kuu na reli ambayo treni za mizigo bado huitumia. Makundi mengi husimama katikati yake. Wa mbele huegemeza baiskeli kwenye kingo na kutazama mashariki, wakihesabu wenzao mmoja mmoja, mpaka atokee yule mwenye pampu.